Mazoezi ya kujilinda ya Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni dada zangu. Jumamosi tunaanza saa 1:00 asubuhi badala ya saa 3:00, uwanja uleule nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa.

Safari hii hatuanzi na ngumi. Tutajifunza kupima hatari: mshambuliaji yuko umbali gani, ana nini mkononi, pa kutokea ni wapi. Akitaka simu, mpe. Akikimbia usimfukuze, na watu wakimkamata tusishiriki kumpiga, piga simu polisi 112. Kanuni ya Adhabu (sheria ya makosa ya jinai) inaruhusu kujilinda kwa nguvu ya kiasi kinachofaa tu. Hili naomba tulijadili vizuri.

1. Mchango 3,000/= kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa saa 12 jioni
2. Raba na maji

Tafadhali andika NIPO au SIPO leo hii.