Wazee wa Tanga nao wafuatiliwe

Mhariri,

Kila nikisoma kurasa za afya nakuta mzee anaambiwa atembee, ale samaki, aote jua. Sina ugomvi na ushauri huo. Ninachouliza ni kimoja: amepimwa mzee gani?

Mwaka 2000 Wamarekani walianza kuandikisha wanaume 5,994 wa miaka 65 na zaidi, katika miji sita, kuchunguza mifupa yao. Walipimwa uimara wa mifupa, nguvu za mikono na kasi ya kutembea, kisha kila miezi minne wakawa wanapelekewa maswali kwa posta: umeanguka? Umevunjika? Kazi hiyo imeendelea miaka na miaka. Lakini wengi wao walikuwa wazungu waliosoma. Kuli aliyebeba magunia bandarini, au mkata mkonge wa Muheza, sidhani kama mifupa yake inazeeka kwa namna ileile.

Mtaniambia hospitali zina dirisha la wazee. Dirisha humwona aliyefika, na sisi wanaume hatufiki mpaka tubebwe. Aliyeteleza chooni akavunjika nyonga, akakandwa nyumbani, akafa kabla ya mwaka kwisha, anaandikwa wapi? Watu watasema ni uzee, basi. Na wanaume, ingawa huvunjika nyonga mara chache kuliko wanawake, ndio hufa zaidi baada ya kuvunjika. (Kina mama wasinikasirikie, nao wana haki ya daftari lao.)

Utaalamu tunao. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa Korogwe, watoto walifuatiliwa kwa miaka. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapahapa Tanga. Basi kituo hicho na halmashauri wawaandikishe wazee wa Ngamiani, Pongwe na kwingineko, wawafuate hadi mwisho wao. Posta haihitajiki, maana mjumbe wa nyumba kumi anajua nani hajaonekana msikitini tangu Ijumaa. Waanzie barazani baada ya alasiri, kwenye bao na kahawa, huko watawapata wote.

Na fomu isinakiliwe ya Marekani nzimanzima. Iulize na mabusha, maradhi ya pwani yetu ambayo wengi wanayaficha kwenye kikoi. Ila swali hilo aulize mwanamume mtu mzima, faraghani. Akitumwa binti wa chuo, kila mzee atajibu kwamba yeye ni mzima.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga