Salamu za Sikukuu ya Majuma

Wapendwa, hag sameah, yaani sikukuu njema! Jua likizama leo Shavuoti, Sikukuu yetu Wayahudi ya Majuma, inaingia. Siku 49 za kuhesabu Omeri, hesabu ya kila usiku tangu Pasaka, zimetimia, na kwa waliopitiwa na siku moja katikati wakamalizia bila kusoma baraka, kama mimi, poleni wenzangu.

Katika kuhesabu huko kuna jambo limenikaa kichwani. Torati haitaji tarehe ya sikukuu hii. Walawi 23 inatuambia tuhesabu majuma saba kuanzia kesho yake baada ya Sabato. Sabato ipi? Enzi za Hekalu la Pili Waboethusi, kundi moja la Wayahudi, walishikilia kuwa ni Jumamosi yenyewe, kwa hiyo sikukuu iwe Jumapili kila mwaka, na Wakaraiti, Wayahudi wasioyakubali mapokeo ya marabi, wanafanya hivyo hadi leo. Marabi wakakataa: Sabato hapo ni siku ya kwanza ya Pasaka, ndivyo tulivyopokea. Hata kwamba siku hii ndiyo Torati ilitolewa Sinai, andiko lenyewe limenyamaza. Siku ya kupewa Torati tunaijua kwa Torati ya mdomo, yale mapokeo ya marabi yasiyomo katika andiko!

Mtu mmoja alimwendea Hillel, mwalimu mkubwa wa enzi za Hekalu la Pili, akitaka kuingia dini, ila afundishwe ya kuandikwa tu, ya mdomo hana imani nayo. Hillel hakubishana. Akamfundisha herufi: alefu, beti, gimeli, daleti. Kesho yake akamfundisha zile zile kinyumenyume. Mtu akang'aka, "Mbona jana hukuniambia hivi?" Hillel akamjibu, "Si umenitegemea mimi kuzijua? Basi nitegemee na kwa ya mdomo."

Kesho mezani ni vya maziwa, kama desturi ya Shavuoti, na hapo pia mdomo umefanya kazi. Andiko linasema mara tatu usimtokose mwanambuzi katika maziwa ya mama yake. Marabi wakasikia makatazo matatu: usipike nyama na maziwa pamoja, usile, usinufaike navyo. Sufuria za aina mbili, za nyama na za maziwa, hazimo katika andiko, wala saa za kusubiri baada ya nyama kabla ya kula vya maziwa. Wengi wetu husubiri sita, wenye desturi ya Ujerumani tatu, Waholanzi moja. (Mjukuu wangu ameshaamua kuwa yeye ni Mholanzi.)

Rabi Yehuda HaNasi alipokusanya Mishna, kitabu cha Torati ya mdomo, karibu mwaka 200, aliacha humo hata maneno ya walioshindwa katika hoja. Ndiyo maana usiku wa leo hatusomi kimyakimya. Tunakaa wawili wawili, huyu anasoma kwa sauti, yule anapinga, mpaka alfajiri.

Ndugu wa Mbale, wa Nairobi na popote mlipo, sikukuu njema. Walio karibu, njooni. Tunaanzia Menahoti, kitabu kimojawapo cha Mishna, sura ya 10, palepale penye ugomvi wa Sabato. Chai ipo ya kutosha, keki ya jibini ni moja tu, kwa hiyo msichelewe.