Sikufuta akiba, nikafuta data

Mhariri,

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, huu mwaka wa kumi na nne. Naomba nafasi kidogo niongee na vijana wanaotutengenezea programu za simu.

Kikundi chetu cha akina mama kilitengenezewa programu ya kupigia picha mizigo. Kijana aliyeitengeneza simtaji, ni mtu mwema na kazi yake tunaipenda. Ukipiga picha gunia likiwa juu ya mzani, hapo hapo chini inaandika tarehe, saa na namba ya mzigo. Video nayo imo. Wateja wetu wa Kongo hawanunui dagaa kwa maneno. Wanataka waone gunia linafunguliwa, mkono unazama hadi kiwiko, unatoa dagaa wa katikati, unawapepeta mbele ya kamera ili wajue kama kweli wamekaushwa juu ya chanja au wamelalia mchanga. Kazi hiyo nimeifanya mpaka kiwiko changu kikawa kinatambulika kanisani.

Basi giza la mwezi ule, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, lilikuwa zuri, mizigo ya visiwani inashuka kila asubuhi, simu ikaandika hifadhi imejaa. Simu yangu ni ya GB 32, na video ya dakika moja ya 1080p inakula MB 100 na ushee. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaikuta ile programu imekalia GB 9. Pembeni kuna vitufe viwili: "Futa akiba" na "Futa data".

Mhariri, mimi ni mweka hazina wa kikundi. Akiba kwangu ni ile iliyomo kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na anayeniambia niifute namtazama mara mbili. Data nayo naijua, ni bando, na la kwangu siku hiyo lilikuwa limeisha tangu asubuhi. Nikafuta data. Simu ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza Sawa bila kusoma, maana kuna mtu amesimama mbele yangu anadai chenji.

GB 9 zikarudi, nikajiona fundi.

Siku nne baadaye mteja akapiga simu: magunia sita yamepungua uzito. Nikafungua programu nimwonyeshe mzani. Tupu, kama imeingizwa leo. Galari nayo ina harusi ya shemeji, wajukuu na risiti za LUKU, gunia hata moja hakuna. Chache nilikuwa nimemtumia kwa WhatsApp, ila WhatsApp inaiminya picha. Ukiuvuta mzani karibu, tarakimu ya mwisho huijui kama ni moja au saba. Kwa gunia la kilo arobaini na kitu, hiyo ni tofauti ya kilo sita. Tukagawana hasara nusu kwa nusu, na mpaka leo sijui nani alimwonea mwenzake.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyenielewesha. Kwenye Android kila programu inapewa chumba chake. Picha iliyofichwa humo galari haiioni, na siku ukifuta data au ukiiondoa programu, chumba kinabomolewa na vyote vilivyomo. Nje kuna ukumbi wa wote, yaani folda kama DCIM na Pictures. Picha ikiwekwa huko galari inaiona, na programu ikiondoka, picha inabaki. Hiyo DCIM kumbe haikuanzia kwenye simu, ni utaratibu wa kamera za kidijitali uliowekwa Japani mwaka 1998. Hata kadi ya mpiga picha wa harusi ukiifungua utaikuta. Tena tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu haihitaji hata kuomba ruhusa ili iweke picha zake ukumbini, inazikabidhi tu kupitia kitu kinachoitwa MediaStore. Akiba ya simu, alivyoniambia huku akicheka, ni vitu vya muda ambavyo programu inaweza kuvitafuta upya. Kitufe hicho kisingenidhuru, ingawa GB 9 kisingenipa. Aliyechagua neno hilo hajawahi kukaa kikao cha VICOBA.

Nilimuuliza kijana wetu kwa nini alizifungia chumbani. Akasema alihofia picha za mizigo zichanganyike na za familia, na watoto wazifute wakichezea simu. Hoja hiyo siikatai. Na picha za vitambulisho, zile tunazopiga mtu akikopa, zikae chumbani kabisa na mlango ufungwe. Lakini gunia? Gunia limeshushwa mchana kweupe, Mwaloni yote inaliona. Kuchanganyika nako kuna dawa yake, programu inaweza kuwa na albamu ya jina lake humo humo kwenye galari.

Ninachowaomba vijana ni kidogo. Kabla hamjatukabidhi programu, ipigieni picha kwenye simu ya mama mwenyewe, siyo ya kwenu, kisha iondoeni mtazame kinachobaki. Na kama kuna kinachokufa nayo, tuambieni kwa Kiswahili cha sokoni siku ile ile ya kwanza, siyo kwenye kile kidirisha cha "Sawa" ambacho hakuna anayekisoma huku ameshika noti mdomoni.

Kijana wetu ameshaleta toleo jipya. Juzi kwenye kikao nilipiga picha gunia, nikaiondoa programu makusudi mbele ya wote, nikafungua galari. Gunia lipo. Nikauvuta mzani karibu, simu ikazungushwa mkono kwa mkono kila mtu asome mwenyewe: 47.

Mama Dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza