Mbwa wangu ana kifafa, mtaa unataka auawe

Daktari, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na nauza vitenge minadani. Nina mbwa dume anaitwa Tomi, ana miaka mitatu. Tangu baba watoto afariki, usiku napata usingizi kwa sababu Tomi yuko macho.

Mwezi wa pili, saa kumi alfajiri, nilisikia bakuli lake linagonga ukuta, ka ka ka, halinyamazi. Nikatoka na tochi. Alikuwa amelala ubavu, shingo imekakamaa, miguu yote minne inapiga vumbi kama mtu anayeogelea. Meno yameumana, povu linamtoka, amejikojolea. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Mama mkwe akakimbilia kiatu cha ngozi amnusishe. Mwanangu mkubwa akaogopa mbwa atameza ulimi, akamtia vidole mdomoni, na taya zikafunga juu ya vidole.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha tukaenda kituo cha afya, mtoto akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa. Tomi alikuwa amechanjwa, kadi yake ninayo, ila tuliambiwa tumfunge tumwangalie siku 10. Siku zikaisha anakula, anacheza, anabwekea bodaboda kama kawaida yake. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili, mbwa hamalizi siku hizo. Leo ni mwezi wa nane na Tomi yupo.

Majirani hilo hawalisikii. Wakiona povu wanasema kichaa, na wasiosema kichaa wanasema tumetupiwa kitu. Mwenyekiti wa mtaa amekuja mara mbili, kwa heshima zote, kuniambia watu wanaogopa. Shemeji yangu yeye ameshasema apewe sumu yaishe.

Kifafa kilirudi mwezi wa tano, kikarudi wa sita, na wiki mbili zilizopita kimempata mara mbili siku moja, asubuhi na magharibi. Naandika kila kitu kwenye daftari la hesabu za vitenge. Kabla hakijaanza ananifuata kila ninapokwenda, analialia, anajibanza miguuni pangu. Chenyewe hakizidi dakika mbili kwa saa ya simu. Kikishapita anatembea akijigonga ukutani, anakunywa maji kama ametoka jangwani, na kwa karibu nusu saa hanijui. Namwita, anageuka upande mwingine. Hiyo nusu saa, Daktari, inaniuma kuliko mtukutiko wenyewe.

Nimempata daktari wa mifugo, zaidi anatibu ng'ombe na mbuzi lakini alinisikiliza vizuri. Alisema mbwa hamezi ulimi, nisimtie kitu wala mkono mdomoni. Nisogeze vitu vya kumuumiza, nizime redio na taa, nitazame saa, nimpige video. Kikipita dakika 5, au vikija viwili ndani ya saa 24, hiyo ni dharura, nisingoje kukuche. Aliniuliza sana habari za sumu. Nikamwambia ukweli kwamba wiki tatu kabla ya kile cha kwanza nilimwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, nilipewa na jirani mfugaji. Akasema sumu ile kwa kawaida hujionyesha ndani ya saa chache, haingoji wiki tatu, ila nisirudie kabisa. Damu ilipimwa sukari, ini na figo, vyote vizuri. Kwa kuwa kilimwanza kati ya miezi sita na miaka sita, na katikati hapo ni mzima kabisa, anaona ni kifafa cha kuzaliwa nacho.

Sasa anataka nimwanzishie fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, asubuhi na jioni kila baada ya saa 12, maisha yake yote. Ameniambia mwanzoni atalegea na kulala sana, atakunywa na kula kupita kawaida, na ini litatakiwa kupimwa mara kwa mara. Kubwa zaidi, dawa isikatwe ghafla, kwa sababu kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko cha mwanzo.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikienda kuuza vitenge Kibaigwa nalala huko siku mbili, tatu. Mama mkwe haoni vizuri, na mwanangu tangu ang'atwe hamsogelei mbwa. Dozi ikichelewa saa mbili tatu kwa ajili ya safari, kuna hatari gani? Ikirukwa moja, nimpe mbili kufidia au niache? Na je, nikisubiri mwaka uishe nione kama vitapungua vyenyewe, namwongezea madhara, hasa baada ya hivi viwili vya siku moja?

La mwisho ni la mwenyekiti. Jumapili kuna kikao cha mtaa na Tomi yumo kwenye ajenda. Nimeandaa kadi ya chanjo, daftari langu na video. Niombe na barua ya daktari wa mifugo niisome mbele yao, au kuna maneno mepesi zaidi ya kumweleza mtu aliyeona povu akakimbia?

Mama wa watoto watatu,
Nkuhungu, Dodoma