Jibu langu kuhusu ile Datsun

Mpendwa swahiba,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Barua yako nimeisoma mara tatu, na yale maneno ya mwisho, "rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani," yamenikosesha usingizi. Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka kwanza nilikague gari vizuri. Nimeng'oa viti na zulia, nimelala chini yake na taa kwa siku mbili, na mawazo niliyoanza nayo siyo niliyonayo sasa.

Unakumbuka siku tulipoliona, kilichotuudhi zaidi kilikuwa injini. Datsun 240Z bila L24 yake, injini iliyotoka nayo kiwandani! Mahali pa ile ya cc 2393 imewekwa L28 ya cc 2753, na badala ya kabureta mbili za Hitachi kuna tatu za Weber, kila silinda na koo lake. Nami nilikasirika kama wewe. Lakini nilipochunguza niliona hakuna bati hata moja lililokatwa ili injini hiyo iingie. L24 na L28 ni za ukoo mmoja, kwa hiyo imekaa palepale ilipokaa ya kwanza, kwenye maungio yaleyale, na imeshikana na giaboksi bila ujanja wowote. Ni kazi ya kufungua bolti. Kumbe badiliko tulilolilaani sana ndilo lililoliumiza gari hili kidogo kuliko yote.

Maumivu yapo nyuma. Yale mabawa ya faibaglasi yaliyopigwa ribiti juu ya matairi, nilitoa la kushoto kwanza. Ubavu wa gari hili una ngozi mbili za bati, ya nje na ya ndani, zinazokutana pale juu ya tairi. Aliyetaka rimu pana alipitisha grainda akakata zote mbili, kisha hakuzichomelea tena pamoja. Alijaza pati katikati, akapaka rangi nyeusi, akafunika kwa bawa. Miaka yote hiyo tairi limekuwa likirusha maji na matope ndani ya ule mwanya. Nilipogonga kwa mpini wa bisibisi, pati ilianguka kama chokaa ya ukuta wa zamani, na kutu ikamwagika sakafuni, konzi nzima.

Hapo ndipo ushauri wako ulipoanza kunipa shida. Ili nirudishe ubavu wa kiwandani, inabidi nikate upya, tena kwa upana zaidi: kutoka karibu na mlango hadi kwenye taa ya nyuma, nichomelee ubavu mpya mzima. Bati lililotengenezwa 1972 ambalo bado ni zima, na ni kubwa kuliko lile lililoharibiwa, litaingia kwenye chuma chakavu. Nikimaliza nitakuwa na gari lenye umbo sahihi lakini lenye chuma pungufu cha asili kuliko nililonalo leo. Nimejaribu kuipinga hesabu hii kwa kila njia kwa sababu sikuipenda, na imenishinda.

Kwa hiyo nimeamua: pande zote mbili nitakata palipooza tu, nitaunganisha ngozi ya nje na ya ndani kwa bati jipya, nichomelee mfululizo bila kuacha tundu, nipake dawa ya kutu hadi ndani, na mabawa yatarudi. Najua huyapendi. Mimi pia sikuyapenda, ingawa nimeanza kuyazoea.

Utanikumbusha kwamba Nissan wenyewe, waliotengeneza Datsun, mwishoni mwa miaka ya 1990, walinunua 240Z za zamani kule Marekani, wakazikarabati zikawa kama mpya na kuziuza tena. Ni kweli, na kazi ile ninaiheshimu. Lakini wao waliweza kuchagua gari la kuanzia. Mimi ninalo hili moja.

Usidhani nimekuwa mtetezi wa kila kilichofanywa. Springi zimekatwa kwa grainda ili gari liinamie chini. Nililipandisha kwa jeki, tairi liliponing'inia springi ikalegea, ikawa inacheza kwenye kiti chake kwa mkono wangu. Fikiria hilo likitokea kwenye tuta, ukiwa kwenye mwendo. Hizo zinatoka, hakuna mjadala, na ninatafuta zenye urefu wa kiwandani. Nyaya nazo ni hatari. Katika gari hili umeme wa taa kubwa unapita wote kwenye swichi iliyo kwenye nguzo ya usukani, bila rilei, yaani kile kifaa cha kubeba umeme mkubwa badala ya swichi. Mtu akafunga taa zenye nguvu zaidi kwenye nyaya zilezile nyembamba, na plastiki ya swichi imeyeyuka nusu. Nitasuka nyaya upya na kuweka rilei, jambo ambalo kiwanda hakikulifanya, na wewe mpenda asili utanisamehe.

Najua pia unavyozipenda zile 240Z zilizoshinda Safari Rally, ya Edgar Herrmann 1971 na ya Shekhar Mehta 1973. Zile nazo hazikwenda mashindanoni kama za dukani, na bado hatujawahi kuziona zimeharibiwa. Nimelifikiria sana jambo hilo. Tofauti ninayoiona ni kwamba waliozibadilisha walijua kila kipande kinabeba nini. Aliyekata springi zangu hakujua, au hakujali.

Chini ya kiti cha betri hali ni ileile unayoijua: asidi imedondoka, imekula sahani na kushuka hadi kwenye boriti ya chini. Hapo hakuna cha kufikiria, ni kukata na kuchomelea. Sakafu imenusurika.

Kuna Hati ya Turin, ile ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, inayoshauri kwamba mabadiliko yawe machache, yaweze kuondolewa baadaye, na vipande muhimu vya asili vilivyotolewa vitunzwe pamoja na gari. Mwenye gari kabla yangu angeifuata hiyo ya mwisho tu, barua hii ingekuwa fupi. Mimi nimeshaanza: kila ninachofungua nakipiga picha, nakifunga na kukiandikia kilikotoka, hata zile springi zilizokatwa, ili atakayelichukua baada yangu ajue nilikuta nini.

Limebaki suala la injini, na hapa ninaomba msaada wako. Sitaweka L24 yoyote ile kwa ajili ya kuliridhisha jicho. Hiyo ingekuwa injini ya gari la mtu mwingine, na L28 hii inaunguruma vizuri tangu nilipoziweka sawa zile Weber. Ila kibao kilicho chini ya boneti bado kipo, hakijaguswa, na namba ya injini ya kwanza inasomeka wazi pamoja na ya chasisi. Aliyeniuzia anasema aliiuza nzima, haikufa. Nimeinakili namba hiyo kwenye karatasi niliyoiweka pamoja na barua hii. Wewe unazunguka kwenye gereji nyingi kuliko mimi. Popote utakapokutana na bloku ya L24, hata kama imefanywa meza, futa mafuta kando yake usome. Ikiwa ndiyo yenyewe, usibishane bei, nipigie simu palepale, nami L28 nitaifungua siku hiyohiyo.

Nisalimie watoto. Nikianza kuchomelea nitakuita, maana mlango wa kushoto hautakaa sawa bila mtu wa pili wa kuushika.

Wako daima,
Swahiba wako