Kwa Nini Tunatoza Maegesho ya Boti Wakati Mwaloni Ni Bure

Wiki iliyopita mteja mmoja alisimama kwenye gati letu akatangaza mbele ya watu kwamba tunauza maji ya Mungu. Boti yake ni ya futi 24, ada yetu ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na mwaloni, yaani pale ufukweni wanapotua wavuvi, anafunga bila kulipa. Si wa kwanza kusema hivyo. Maneno yale yaliniuma, ndiyo maana leo najibu.

Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kama Pangani au Dar es Salaam, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanadhani maji yalipo leo ndipo yatakapokuwa. Maji yetu yanapanda taratibu wakati wa mvua, yanafika juu Aprili na Mei, kisha yanashuka hadi Oktoba au Novemba. Ipo pia miaka ambayo ziwa linakataa kurudi. Miaka hii ya karibuni sote tumeona maji yakiingia majumbani mwa watu. Zamani pia lilihama: pale Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 palikuwa jirani na maji, na leo ukitaka kunawa inabidi utembee.

Ndugu mmoja kutoka Pangani alituletea funzo la gharama. Ni baharia hasa, amekulia mtoni kwao ambako maji yakitoka boti inakaa kwenye tope, unakwangua mkuku, ule uti wa chini wa boti, yakirudi unaondoka. Huko kamba huachwa ndefu. Alipoambiwa huku hakuna kupwa, akafunga omo, yaani mbele ya boti, kwa kamba fupi kwenye nguzo ya chuma, nje ya eneo letu, akaenda kwao. Hiyo ilikuwa Januari. Aprili maji yalikuwa yamepanda, kamba imeishikilia omo chini, kila wimbi linaingia ndani. Tulipofika, tezi, yaani nyuma ya boti, peke yake ndiyo ilionekana, na hata mashine ilikuwa imekunywa maji. Fundi alimdai zaidi ya ada yetu ya miaka miwili.

Halafu kuna kusi. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo huo haupumziki, na boti iliyofungwa mwalo wa wazi inapigapiga chini usiku kucha. Asubuhi huoni kitu. Misumari inalegea kidogo kidogo, pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, inachomoka kwenye maungio, na siku ukipakia mzigo ndipo maji yanapochimbuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wenye boti kadhaa waliondoa vyombo vyao gatini kwetu wakavifunga mwaloni. Niliwaelewa, kipato hakikuwepo. Lakini miezi ile mitatu ndiyo ya kusi yenyewe! Ziwa lilipofunguliwa tulipokea boti tatu ndani ya wiki moja, mikuku imeliwa. Mmoja wao alikosa giza zima la dagaa, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, akisubiri mbao zikauke. Mwenye karabai anajua hiyo ni hasara ya namna gani.

Wengine wanatuuliza kuhusu kuingia mdomo wa Mto Malagarasi, kule Ilagala, kwa kuwa kumetulia. Kumetulia kweli, ila mchanga unahama, na njia uliyoingilia Februari unaweza usiikute. Mamba nao wapo.

Sasa hiyo 40,000. Kina tunakipima Oktoba, maji yakiwa chini. Mtu anayekuonyesha kina cha Aprili anakuonyesha uzuri wa msimu. Kila boti ina nanga mbili, omo inatazama kusi, na kamba inasogezwa maji yanapopanda au kushuka. Mvua ikinyesha usiku mlinzi anakumba maji yaliyoingia botini kabla hajafikiria chai. Kazi hii nilifundishwa na baba, na sijaacha boti ya mtu izame kwenye nanga yangu.

Usipokuja kwetu, basi kabla ya kufunga popote waulize wavuvi wazee wa hapo mawimbi ya Julai yanavunjikia wapi. Tafuta mstari wa takataka ambao maji yaliuacha yalipokuwa juu. Ukimkuta mwenye eneo hajui kina chake cha Oktoba, ondoka.

Upande wetu wa ndani zimebaki nafasi mbili, zenye kina cha mita moja na nusu hata maji yakiwa chini. Anayezitaka aje mchana, tupime pamoja kabla hajatoa hata senti. Na yule mteja wa wiki iliyopita, karibu tena.