Maharage na mbatata si kitu kimoja jamani

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi nami niseme langu, maana juzi barazani kwetu hapa Wete kuna bwana katuambia ati maharage na mbatata ni yale yale, vyote vinashibisha, sasa kwanini mtu amalize polo la mkaa kwa sufuria moja ya maharage. Pale nilinyamaza kwa heshima tu.

Mie nina binti yupo kidato cha 2, alikuwa kila akirudi skuli anasema kichwa kinamzunguka, akikaa kidogo tu kashalala, nikampeleka kupimwa damu ikaonekana 9, yaani imepungua. Kumuuliza unakula nini huko, kumbe hela yote inaishia kwenye chipsi na soda, na nyumbani nikipika maharage anaisogeza sahani, ati hicho chakula cha dahalia!

Yule muuguzi aliyempima alinikalisha akanieleza taratibu. Maharage yaliyopikwa, gramu 100 tu, yana protini karibu gramu 9, mbatata ya kuchemsha haifiki hata 2, nyuzinyuzi pia maharage yanaiacha mbali, na madini ya chuma na foliki asidi ambavyo ndo vinatengeneza damu viko kwenye maharage. Sasa hapo usawa uko wapi?

Ila sisemi mbatata mbaya, urojo usio na mbatata mie siujui. Nayo ina vitamini C ambayo maharage yakishaiva hayana karibu kitu, na hiyo vitamini C ndo inausaidia mwili kuchukua ile chuma ya maharage, kwahiyo siku hizi nakata mbatata mbili tatu natia humo humo, halafu kila mtu anakamulia ndimu sahanini kwake. Tatizo ni kukaanga, mbatata ya kuchemsha gramu 100 ina kalori kama 87 tu, ifanye chipsi inapita 300, sehemu kubwa mafuta hayo.

Kuhusu mkaa yule bwana ana haki, sikatai, mkaa umepanda. Lakini yaroweke usiku mzima, asubuhi mwaga yale maji tia mengine, yachemke kwa moto mkali kwanza (usiyaweke moto wa kuvizia tangu mwanzo, maharage mabichi yana sumu yake inaumiza tumbo kweli kweli), mie nikiyabandika saa nne, adhuhuri ikiadhiniwa yashalainika, nakuna nazi namalizia tui. Na ile gesi ya tumboni inayowakimbiza watu nayo inapungua.

Kilichobaki ugomvi na baba watoto, maana tumeambiwa chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, inazuia ile chuma, tungoje kama saa moja hivi. Yeye hataki kusikia, anasema ataongea na muuguzi mwenyewe.

Ombi langu Mhariri, mtafuteni mtu wa lishe atuandikie habari za kunde, choroko na mbaazi, maana hizo tunalima wenyewe huku, haya maharage mengi tunayangoja yavuke bahari kutoka bara na boti ikichelewa bei inaruka.

Mama wa watoto wanne,
Wete, Pemba